Fundi Aliyekata Paa Aandike Jina Lake

Ukishaipita Ngorongoro kuelekea lango la Naabi, barabara inashikwa na rasta. Gari linatetemeka mpaka neno linakatikia kinywani, na vumbi linapenya hata pale unapodhani hapana tundu. Asubuhi moja ya Julai nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma kabisa cha Land Cruiser iliyorefushwa kwa kazi ya watalii. Wenzangu walikuwa wakitafuta duma kwa darubini. Mimi macho yangu yalikuwa yamenasa kwenye ufa.

Ufa huo ulianzia kwenye pembe ya tundu la paa, pale bati lilipokatwa ili kifuniko kiweze kunyanyuka, ukashuka mwembamba kama unywele hadi kwenye nguzo ya nyuma ya mlango. Kila tairi lilipoingia shimoni, ufa ulifunguka kidogo kisha ukajifunga. Rangi ya juu yake ilikuwa mpya, imepigwa na mtu anayeijua rangi. Chini ya rangi hiyo nzuri, chuma kilikuwa kinaachana.

Tuliposimama kula nilimuuliza dereva ni nani aliyekata paa lile. "Kaka, mimi nimelikuta hivihivi," alinijibu. "Bosi alilinunua kwa mtu, na huyo mtu naye alilinunua kwa mwingine." Nikalizunguka gari nikisoma. Mlangoni kulikuwa na jina la kampuni na namba ya simu. Kioo cha nyuma kilikuwa na dua, na chini yake kibandiko cha timu ya mpira. Kwenye chasisi zilikuwepo namba zilizogongwa kiwandani. Jina la mtu aliyelichukua gari zima, akalikata, akaliunga tena na kulifungua juu, halikuwepo popote.

Makala haya ninayaandika kulidai jina hilo. Ninaamini kazi ya mafundi wetu wa bodi ni uhandisi kamili, na ninaamini vilevile kwamba uhandisi usio na sahihi hauna njia ya kujifunza kutokana na makosa yake. Kila gari linalokatwa paa, kurefushwa au kuvikwa bodi mpya hapa kwetu libebe kibati chenye jina la fundi, tarehe, na vipimo vya alichokifanya.

Gari linalofika likiwa nusu

Nianze na heshima, kwa sababu wengi wanaopanda magari haya hawajui ni sehemu kubwa kiasi gani imezaliwa Arusha au Nairobi.

Land Rover ilioneshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilipatikana kwa mgao, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa alumini juu ya chasisi ya chuma. Mabati yake mengi yalikuwa bapa, yenye kukunjika kwa vifaa vya kawaida, na yalifungwa kwa nati na bolti. Paa gumu likifunguliwa, watu wachache wanalinyanyua na mahali pake panawekwa turubai. Yapo yaliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za joto yakawekewa paa la pili juu ya la kwanza, hewa ikawa inapita katikati na kupunguza ukali wa jua.

Gari la namna hiyo lilikuwa darasa. Kijana aliyeanza kwa kushika tochi na kupitisha spana chini ya Land Rover 109 ya misheni au ya mfanyabiashara wa ng'ombe alijifunza jinsi bodi inavyokaa juu ya chasisi, kwa sababu gari lenyewe lilimwonesha kila kiungo. Alipopata uzoefu akaanza kuongeza: benchi la abiria, mlango wa nyuma mpana wa kumwingizia mgonjwa, kibebeo cha mizigo juu ya paa. Oktoba 2024, Arusha ilipoandaa tamasha la Land Rover, mtu mwenye jicho la bodi aliweza kutembea kati ya magari yale na kusoma miaka mingi ya mikono ya mafundi.

Mwaka 1984 Toyota ikaleta Land Cruiser za mfululizo wa 70. Yenye bodi ya kufungwa Watanzania tunaiita hadi topu, na ile yenye bomba la hewa lililopanda ubavuni mwa kioo tunaiita mkonga. Injini yake ya 1HZ, dizeli ya silinda sita na lita 4.2 isiyo na turbo, ilikuja mwaka 1990 na ikapendwa kwa kuwa fundi wa porini anaweza kuifungua bila kompyuta. Mwaka 1999 zikaja 78 yenye bodi kamili na 79 ya pikapu, na hapo ndipo kazi ya mafundi wetu ilipopanuka zaidi.

Pikapu ya 79 ikifika bila karai lake, nyuma ya kiti cha dereva hakuna kitu ila chasisi tupu. Nguzo, mabati ya ubavuni, madirisha ya kusukuma, milango, viti vya abiria, sakafu, na paa lenye kufunguka sehemu moja au tatu, vyote hivyo vinatoka mikononi mwa mafundi wa hapa. Mwaka 2023 Tanzania ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya milioni 1.8. Wengi wao walioingia mbugani walisimama juu ya viti, wakatoa vichwa kwenye tundu lililokatwa gereji, na kumtazama simba kwa utulivu. Picha wanazokwenda nazo kwao zimepigwa wakiwa wameegemea kazi ya mtu wasiyemjua.

Hesabu iliyomo mikononi

Niliporudi kutoka Serengeti nilikwenda Unga Limited, Arusha, kumtafuta mzee mmoja ambaye mafundi wenzake wanamwita mwalimu. Nilimkuta amepiga magoti juu ya paa, penseli sikioni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nishikie huku," akaniambia, akanipa ncha ya futi kamba kabla hata hajaniuliza shida yangu.

Nilipomweleza juu ya ufa, hakuniuliza gari la nani. Aliniuliza pembe ya tundu ilikuwa kali au ya mviringo. Nikasema kali. Akatikisa kichwa, akachukua boksi la katoni lililokuwa na spea, akanipa nilishike kwenye pembe mbili na kulipinda. Likakataa kupinda. Akakata mfuniko wake kwa kisu, akanirudishia. Safari hii likajikunja kama mkeka. "Paa ndilo mfuniko," alisema. "Ukilitoa, lazima urudishe nguvu yake kwa njia nyingine."

Kisha akanionesha njia hiyo nyingine. Kabla ya kukata, alikuwa ameshachomelea fremu ya bomba la mraba kuzunguka eneo lote la tundu, ikashuka kwa miguu hadi kwenye nguzo, na nguzo zikashuka hadi kwenye sakafu iliyofungwa juu ya chasisi. Kila pembe ya fremu ilikuwa na kipande cha pembetatu. Pembe za tundu lenyewe alizikata kwa duara la ukubwa wa kopo la maziwa, akazisugua kwa tupa mpaka kidole hakikwaruziki. "Ufa ni kama panya," alisema. "Unapenda pembeni."

Mzee huyo hajawahi kusikia habari za ndege ya Comet, lakini maneno yake ndiyo yaliyosemwa na wataalamu wa Uingereza mwaka 1954. Ndege mbili za aina hiyo, iliyokuwa ya kwanza duniani kusafirisha abiria kibiashara kwa injini za jeti, zilivunjika angani ndani ya miezi michache. Mabaki ya moja yalivuliwa kutoka baharini karibu na kisiwa cha Elba, Italia. Bodi ya ndege nyingine ya aina hiyo iliingizwa kwenye tangi kubwa la maji huko Farnborough, ikajazwa na kupunguzwa shinikizo mara maelfu mpaka ikapasuka. Walichogundua ni kwamba metali ilichoka na kupasuka kuanzia kwenye pembe za matundu. Kwa ile ya Elba, tundu lenyewe lilikuwa juu ya paa, limekatwa kwa ajili ya antena.

Ninaileta Comet kwa sababu ya kilichofuata. Aliyeiunda alijulikana. Michoro yake ilikuwepo, unene wa bati ulijulikana, idadi ya safari ilikuwa imeandikwa. Kwa hiyo kosa la ndege moja likawa somo kwa kila ndege iliyotengenezwa baadaye. Ule ufa niliouona njiani Naabi haumfundishi mtu. Fundi aliyelikata paa lile yuko mahali fulani, pengine leo hii anakata pembe kali nyingine, na hana habari kwamba ile ya kwanza imepasuka.

Mambo ambayo rangi haionyeshi

Wapo watakaosema kukata bati ni kukata bati, kibati cha nini. Wanaosema hivyo hawajakaa gereji kutwa nzima.

Chukua kazi ya kurefusha. Chasisi ikikatwa wima na kuungwa kwa mshono mmoja ulionyooka, nguvu zote za kupinda zinakutana kwenye mstari huo. Fundi mzuri huukata mshono kwa mshazari, kisha huufunika ubavuni kwa kipande cha chuma chenye umbo la almasi ili mzigo usambae taratibu. Akimaliza hapo bado hajamaliza. Propela shafti lazima irefushwe na kupimwa mizani upya, la sivyo itatikisika na kula kila kitu kilicho karibu. Paipu za breki zinaongezwa. Tumbo la gari refu hugota kwenye tuta ambalo gari fupi lilipita bila shida, na dereva anapaswa kulijua hilo kabla ya kufika mtoni.

Chukua faiba, ambayo vijana wengi sasa wanaitengenezea vifuniko vya paa na hata paa zima la kuvua na kuvisha. Kalibu hupakwa nta, likafuata tabaka la nje la kukinga jua, kisha mikeka ya nyuzi za kioo inalowekwa resini tabaka kwa tabaka. Resini haigandi mpaka ichanganywe na kigandishi, na kipimo chake kwa kawaida ni kati ya asilimia 1 na 2. Ukizidisha, inachemka na kupasuka. Ukipunguza, inabaki laini mpaka siku mtalii atakapoiegemea. Asubuhi ya Julai ya Arusha yenye baridi haina kipimo kimoja na mchana wa Februari wa Dar es Salaam. Fundi anayejua hilo anabadilisha kipimo kwa kuhisi hewa. Asiyejua anafuata kopo alilozoea.

Chukua ndoa ya alumini na chuma. Metali hizi mbili zikigusana mahali penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Mwenye Land Rover ya zamani pwani, Tanga au Unguja, anaujua unga mweupe unaotoka kuzunguka bolti. Dawa yake ni kuzitenganisha kwa mpira au rangi ya msingi, kila tundu, kila bolti. Kazi hiyo ikifanywa haionekani, na isipofanywa haionekani pia, mpaka miaka ipite.

Yapo pia yanayomuumiza fundi mwenyewe. Bati la mabati ya nyumba lina zinki, na likichomelewa bila kusugua zinki hiyo, mvuke wake huleta homa na kutetemeka usiku. Vijana wengi hudhani ni malaria. Mashine ndogo za kuchomelea zimeshuka bei, kwa hiyo wapo sasa wanaojitengenezea bodi uani kwao, na ninawapongeza. Lakini wajue kwamba betri hufunguliwa kabla ya kuchomelea, tangi la mafuta huondolewa kabisa, na mkanda wa kiti haufungwi kwenye bati tupu. Bati litachanika kama kitambaa siku mkanda utakapovutwa kwa nguvu. Panahitajika chuma kizito nyuma yake, kilichoungwa na kitu kinachofika kwenye chasisi.

Mwaka 2009 Marekani ilipandisha kiwango cha uimara wa paa za magari madogo. Paa lililotakiwa kuhimili mara 1.5 ya uzito wa gari likatakiwa kuhimili mara 3, na upande mmoja ukishakandamizwa, upande wa pili nao unakandamizwa. Hayo ni mapaa mazima. Yetu yana tundu katikati, na chini yake wamekaa watu saba. Kama kuna mahali ambapo kazi ya mikono inastahili kujulikana ni ya nani, ni hapa.

Nilichokikuta chini ya puti

Nalisema hili nikiwa na jeraha langu. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka pikapu yangu kwenye gereji moja itengenezewe paa gumu la nyuma, kwa kuwa nilikuwa nasafirisha vitabu na watoto kati ya Arusha na Babati. Nilipolichukua lilikuwa linang'aa. Mvua ya kwanza ya masika ilipofika, maji yaliingia kwenye viungo. Nilirudi mara mbili, wakaziba. Mara ya tatu gereji ilikuwa imehama, na jirani hakujua ilipokwenda.

Siku moja, tukikaribia Minjingu, bawaba za mlango wa nyuma ziling'oka na mlango ukaanguka barabarani. Nyuma yetu hapakuwa na gari wala pikipiki. Bado ninashukuru kwa hilo. Fundi mwingine alipokwangua puti tulikuta pengo la upana wa kidole lililozibwa kwa faiba, na bawaba zimechomelewa kwenye bati jembamba lisilo na chuma nyuma yake. Puti ilikuwa nene kuliko bati lenyewe.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba sikuwa na wa kumwambia. Sikutaka fidia. Nilitaka mtu yule ajue, ili asimtengenezee mzazi mwingine mlango kama ule. Lakini kazi ile haikuwa na jina, na habari isiyo na mahali pa kufikia inakufa njiani.

Hofu ya mafundi ni ya kweli

Nimezungumza na mafundi wengi juu ya kibati hiki, na pingamizi lao la kwanza ni hofu. Wanasema jina likiwa kwenye gari, gari likipata ajali polisi watakuja, mtu wa kodi atakuja, na mwenye gari atadai fidia hata kama yeye ndiye aliyepakia magunia kumi juu ya paa.

Hofu hii siidharau. Fundi wetu amezoea kuona karatasi ya serikali ikija kuchukua, mara chache sana kuja kutoa. Lakini tazama upande wa pili. Kibati kinachosema paa halikubali zaidi ya kilo 75 kinamlinda fundi kwa maandishi. Leo hana ushahidi wowote kwamba alikataza. Kibati kinachosema alirefusha chasisi mwaka fulani kwa kiasi fulani kinamtenga na yule atakayekuja kuikata tena baadaye. Asiye na jina ndiye anayebebeshwa kila lawama, kwa sababu hana pa kusimama na kusema hii ni yangu na hii si yangu.

Pingamizi la pili ni gharama. Kipande cha alumini cha ukubwa wa kiganja, herufi za kugonga kwa nyundo, na ribiti nne. Vitu hivyo vimo katika gereji nyingi tayari. Gharama yake haifikii bei ya kopo la rangi.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wenye makampuni: kwamba ni afadhali kununua bodi zilizokamilika kutoka nje. Sikubaliani nalo. Bodi ya mbugani ilibuniwa hapa, na watu walioona jinsi mgeni anavyosimama, wapi anaweka kamera, vumbi linaingilia wapi, na dereva anavyohitaji kufungua paa kwa mkono mmoja huku akimwangalia tembo. Ujuzi huo tukiuacha, tutaununua tena kwa fedha za kigeni. Pesa ya bodi ikibaki Unga Limited inalipa ada za shule za Unga Limited.

Nani afanye nini

Sipendekezi tuanze na adhabu. Tuanze na mafundi wenyewe kwa hiari yao, wale walio bora, ambao kibati kitakuwa tangazo lao. Mwenye gari akiona gari lenye kibati limekaa miaka sita bila ufa, atajua aende kwa nani.

Kibati kiseme mambo machache: jina la fundi au gereji na mji wake, mwezi na mwaka, sehemu iliyokatwa au kurefushwa na kwa milimita ngapi, unene wa bati na bomba lililotumika, idadi ya viti na mahali mikanda ilipofungwa, na uzito wa juu unaoruhusiwa kwenye paa. Maneno hayohayo yaandikwe kwenye daftari la gereji. Baada ya miaka kumi daftari hilo litakuwa kitabu bora cha kufundishia kuliko chochote tulicho nacho.

Serikali ije nyuma yao ikiwa mshirika. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, tayari ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa na kumpa cheti fundi aliyejifunzia kazini. Utaratibu huo ufike kwa mafundi bodi wa magari ya porini kwa mtihani wao wenyewe: kuimarisha tundu la paa, kuunga chasisi, kufunga mkanda wa kiti. Shirika la Viwango, TBS, likae na mafundi hao na kuandika kiwango kinachosomeka kwa Kiswahili. Kenya wameshapita njia hiyo kwa mabasi, ambako bodi hujengwa kwa kufuata kiwango cha taifa cha KS 372. Gari la kubeba watalii saba mbugani halistahili uangalizi mdogo kuliko basi.

Australia, ambako Land Cruiser za 70 zinateswa vumbini na migodini kama zinavyoteswa kwetu, wana mwongozo wa kitaifa unaoitwa VSB 14 unaoeleza namna ya kubadilisha gari dogo. Katika jimbo la Queensland, kazi ikishakaguliwa, gari hupigiliwa kibati kinachotaja badiliko lililofanywa. Hawakuua ubunifu wa mafundi wao kwa kufanya hivyo. Wenye magari yaliyobadilishwa huyauza kwa kujiamini kwa sababu kazi ina ushahidi.

Na sisi wenye magari tuna wajibu wa kwanza. Fundi akikwambia fremu ya kuimarisha paa itaongeza siku tatu na pesa kidogo, usimwambie apige tu rangi. Mara nyingi pembe kali zinazopasuka zimekatwa na fundi aliyeharakishwa na mwenye pesa. Pita gereji kabla ya rangi kupigwa, uone mishono ingali wazi. Uliza jina litakaa wapi.

Alama ya ribiti tatu

Nilirudi kwa yule mzee wa Unga Limited mwezi uliofuata, nikiwa na pikapu yangu isiyo na mlango. Alilivua paa lote la zamani, akajenga upya kuanzia kwenye karai. Siku ya mwisho nilimuuliza kama naye katika miaka yake yote hajawahi kuweka alama.

Alinyamaza kidogo, kisha akaniita kwenye Land Cruiser ya mteja iliyokuwa imekuja kubadilishwa mpira wa kifuniko. Akaniambia nipitishe kidole ndani ya ukingo wa paa, mahali ambapo hakuna anayetazama. Nikagusa ribiti tatu, mbili zimekaribiana na moja imekaa mbali. Hazikushika kitu chochote. "Hizo ndizo mimi," alisema. "Nimezipiga kwenye kila gari tangu nilipoachwa na bwana wangu nifanye kazi peke yangu. Likija gari, nagusa hapo, najua kama ni mwanangu."

Nilisimama nikiwa nimeshika ukingo ule, nikawaza ni magari mangapi yanapita Naabi yakiwa na sahihi iliyofichwa gizani. Hakuwa mtu asiyetaka kujulikana. Alikuwa amelitia jina lake mahali pekee alipoona ni salama.

"Mzee, kwenye hili langu iandike nje," nilimwomba. "Kwa herufi."

Alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akamtuma mjukuu wake alete herufi za kugonga, akakata kipande cha alumini, akakizungushia pembe kwa tupa kama anavyozungushia kila kitu. Kijana akagonga herufi moja moja huku babu yake akimsomea: jina lake kamili, Arusha, mwezi na mwaka, bati milimita 1.5, bomba la mraba milimita 25, bawaba zimefungwa kwenye chuma cha milimita 4, mzigo wa juu usizidi kilo 75. Walipokuwa wanakipigilia ndani ya mlango wa nyuma, mahali ambapo kila anayeufungua atakiona, kijana alipanga ribiti nne kwenye pembe nne. Mzee akamzuia mkono. Akapima kwa macho, akamwonesha pa kutoboa, na kibati kikashikwa kwa ribiti tatu, mbili zimekaribiana na moja imekaa mbali.